Paka Miguuni pa Baba

Asubuhi ile naikumbuka kuliko hata asubuhi ya harusi yangu, mwanangu. Watu walianza kuja kwenye karakana ya mjomba wangu, mjini Kondoa, kutoa pole za msiba, na wala hapakuwa na mtu aliyekufa.

Alianza mama muuza maandazi, jirani yetu. Alikuja amejitanda khanga, uso ameukunja, akamshika mjomba mkono kwa mikono yake yote miwili. "Pole sana, fundi Ramadhani. Kazi ya Mola haina makosa." Mjomba alikuwa na misumari mitatu mdomoni. Akaitema kiganjani, akauliza, "Pole ya nini tena, mama?" Yule mama akanyoosha kidevu juu ya mlango, kwenye kibao nilichokichora mimi kwa mikono hii unayoiona, na ambacho tulikuwa tumekitundika jana yake jioni.

Usicheke kwanza. Ngoja, utacheka vizuri huko mbele.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu juzi mmoja wenu, simtaji, mwenyewe anajijua, alinipiga picha nimesinzia barazani kwangu hapa Chang'ombe, mdomo wazi, ushungi umeniteleza, akaituma kwenye kundi la ukoo. Mlicheka mpaka mkachoka. Mwingine akaandika, "Bibi ameishiwa chaji." Sawa, hata mimi nilicheka, sina kinyongo. Lakini mimi nilimchora mtu aliyelala nikiwa na miaka kumi na tisa, na nusura mchoro ule uninyime radhi ya baba yangu. Kwa hiyo kaa kitako nikusimulie, na hiyo simu iweke kando, haina miguu ya kukimbia.

Nilizaliwa milimani Haubi, binti wa mkulima wa ulezi. Mama alinifundisha kukandika ukuta tangu nikiwa mdogo: samadi na udongo mwekundu kwanza, ukikauka unapitisha udongo mweupe kwa kitambaa. Wenzangu wakimaliza kukandika walinawa mikono wakaenda kucheza. Mimi nilibaki pale ukutani, nachora kuku, nachora jembe, namchora shangazi na shingo yake ndefu mpaka akanifukuza na mwiko. Baba hakuona maana yake. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yalikuwa makali. "Picha hailiwi, Hadija," aliniambia.

Basi mjomba Ramadhani, kaka yake mama, seremala wa vitanda mjini, akaja kuniombea. Alisema mtoto huyu ana mkono, amchukue ampe kazi ya vibao vya maduka. Baba akakubali kwa shingo upande. "Nakupa mpaka ulezi uvunwe," akasema. "Ukipata kazi inayoeleweka, kaa huko. Usipopata, rudi tushike jembe." Nikafunga nguo zangu kwenye khanga, nikateremka mjini moyo ukinidunda kwa furaha.

Kibao changu cha kwanza kilikuwa cha mjomba mwenyewe. "Nichoree mtu aliyelala usingizi mnono," akaniagiza. "Yaani mpita njia akimwona, naye apige miayo." Mimi nikaona hilo jambo dogo. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini wahenga hawakuwa na miaka kumi na tisa. Nilikichora kwa siku mbili.

Sasa sikiliza makosa yangu, maana hayakuwa makosa ya uvivu. Yalikuwa makosa ya mtoto aliyelelewa vizuri. Mwalimu wetu wa madrasa alitufundisha adabu za kulala: mtu alale ubavu wa kulia, uso kibla, kiganja chini ya shavu. Nikamlaza mtu wangu ubavu wa kulia, barabara. Ubao ulikuwa mrefu na mwembamba, basi na kitanda kikawa chembamba. Rangi iliyobaki nyingi koponi ilikuwa nyeupe, nikamfunika shuka jeupe mpaka kidevuni. Nikamfumba macho kwa mistari miwili mizuri, nikaipenda sana ile mistari. Mlango wa karakana ulitazama kaskazini, kwa hiyo kibao kilipotundikwa, mtu wangu akawa ameelekea kibla kabisa. Na chini yake, kwa herufi kubwa nyekundu, yakaja maneno aliyoyataka mjomba: NJOO UPUMZIKE.

Wewe umeshakwenda mazishini. Umeona mtu anavyolazwa kwenye mwanandani. Niambie, mtu wa Kondoa akipita pale angefikiri nini?

Baada ya mama wa maandazi akaja mzee mmoja kuuliza kama jeneza la msikiti wao lililovunjika mguu linaweza kutengenezwa, maana amesikia fundi siku hizi amehamia kazi hizo. Akapita mwalimu mmoja wa madrasa, akasimama, akainua mikono akaomba dua, akaenda zake bila hata kusalimia. Bwana harusi mtarajiwa, aliyekuwa ameagiza kitanda cha futi tano kwa sita, alimtuma rafiki yake aje kusema kwamba mama yake hataki tena kitanda kitoke nyumba ile. Hapo mjomba akakaa juu ya mbao zake akajishika kichwa. "Hadija," akasema, "umeniulia biashara kwa brashi."

Hakuwa mtu wa kukasirika sana, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa kurekebisha, na hapo ndipo alipozidisha. Kwanza aliongeza maneno yake mwenyewe pembeni, kwa mkono wake wa seremala usiojua kunyoosha herufi: MTU HUYU NI MZIMA. Ee Mola wangu! Tangu lini mtu mzima akahitaji kuandikiwa? Waliokuwa hawajashtuka wakashtuka. Kisha akanishauri nimfumbue macho. Nikayajaribu kwa mkaa kwanza. Tulirudi nyuma hatua tano kutazama, mjomba akasema, "Futa, futa upesi, amefufuka." Nikafuta mbio.

Mpaka hapo ilikuwa aibu tu, na aibu huisha. Lakini siku ya mnada alipita muuza karanga wa kijijini kwetu. Alikitazama kile kibao muda mrefu, kikapu kichwani, kisha akanitazama mimi. "We binti," akasema, "huyu si baba yako?"

Mwanangu, niliinua macho. Alikuwa baba. Ndevu zake zile zilizokatwa fupi upande mmoja kwa sababu ya kovu la utotoni, paji lake la uso, pua yake. Sikukusudia, wallahi sikukusudia. Niliambiwa nichore mwanamume aliyelala, na katika maisha yangu yote mwanamume niliyewahi kumwona amelala alikuwa mmoja tu. Nilikuwa naamka kabla ya adhana kumpashia maji ya kutawadhia, na nilipoingia kumwekea birika, ndivyo alivyokuwa amelala. Mkono wangu ulimfuata bila kuniuliza.

Muuza karanga alipanda mlima na habari yake. Kabla ya wiki kwisha mama akanitumia salamu kwa dereva wa lori: baba amesikia. Amesikia kwamba binti yake amemchora maiti na kumtundika barabarani mjini, watu wanamwombea dua angali hai. Hakula siku mbili. Amesema atateremka mnada unaokuja, aione kwa macho yake, na ikiwa ni kweli, basi mtoto huyo asimsalimie tena.

Nilisahau ulezi, nilisahau kazi. Wazee husema radhi ni bora kuliko mali, na mimi nilikuwa naona radhi ikinitoka mikononi. Mzazi anaweza kukukasirikia na maisha yakaendelea, lakini mzazi akikataa salamu yako, utaipeleka wapi? Nililia juu ya unga wa mbao mpaka ukanata usoni. Mjomba akaja na kopo la chokaa. "Mfute," akasema kwa upole. "Tupake kote, tuandike VITANDA, basi. Baba yako akija akute ukuta." Nikapanda ngazi na brashi mkononi.

Hapo ndipo alipotokea Mzee Paulo.

Alikuwa Msandawe wa upande wa Chemba, aliyekuja mjini mara kwa mara kuuza asali, na siku ile alikuwa amekuja kumwagiza mjomba kitanda kwa sababu mkewe alikuwa anaumwa mgongo. Kiswahili alikiongea polepole, akichagua neno, na likikosekana alilitoa la kwao, lile linalolia mdomoni kama kijiti kikavu kikivunjika. Mgeni njoo mwenyeji apone, mwanangu. Alisimama chini ya ngazi yangu, kibuyu cha asali begani, akakitazama kibao, akacheka. Hakucheka kwa dharau. Alicheka mpaka akatua kibuyu chini.

"Shikamoo, mzee," nikasema, kamasi zikinitoka.

"Marahaba, mjukuu. Unamfanya nini huyu baba?"

"Namfuta. Watu wanasema amekufa."

"Ukimfuta utakuwa umemzika," akasema. "Teremka."

Nikateremka. Mjomba akamweleza mambo yote, pole za msiba, jeneza la msikiti, baba yangu anayekuja. Mzee Paulo akasikiliza akiwa amefumba jicho moja. Kisha akauliza kitu ambacho hakuna mtu mwingine alikuwa amekiuliza. "Huyu mtu wako, amelala na nani?"

"Amelala peke yake."

"Basi wanasema kweli, hao watu. Peke yake kabisa mtu hulala kaburini tu."

Akachuchumaa, akasawazisha unga wa mbao sakafuni kwa kiganja, akaanza kuchora kwa kidole. Alisema kwao kuna jabali lenye michoro ya kale, ile myekundu, na tangu mtoto akichunga mbuzi alikuwa anajikinga mvua chini yake. Akachora mtu mwembamba kama njiti, kalala chini. Kando yake akachora twiga, shingo imeinama mpaka karibu na kichwa cha yule mtu. "Wanakuja wasomi," akasema, "wanapiga picha, wanabishana. Mmoja anasema huyu anaota ndoto. Mmoja anasema mgonjwa. Mmoja anasema mganga, roho imesafiri. Wananiuliza mimi. Mimi nawaambia sijui, aliyechora hakuacha barua." Akacheka tena. "Lakini mnyama namjua. Twiga akiona mwindaji anakimbia. Akisikia harufu ya mzoga anakimbia. Huyu hajakimbia. Ameinama. Kwa hiyo huyu mtu ni mzima, na moyo wake hauna ubaya siku hiyo. Mtu aliyelala hawezi kujisemea, mjukuu. Mnyama wake ndiye anamsemea."

Mjomba akaruka palepale. "Simba!" akasema. "Tuchore simba miguuni, watu wajue vitanda vyangu ni imara!"

"Simba na mtu wakilala pamoja," Mzee Paulo akamjibu, "ataamka mmoja." Kisha akanigeukia, na sasa hakuwa anacheka. "Na wewe usichore mnyama wa kuazima. Umemwanika baba yako barabarani bila kumuuliza, hilo ni kosa lako, na rangi haitalifuta. Sasa kama unamjua kweli, mchore na mnyama anayemjua. Kama humjui, panda ngazi ufute."

Alichukua kibuyu chake akaenda sokoni. Maneno yale yaliniuma kuliko ya muuza karanga, maana yalikuwa ya haki.

Nilimjua mnyama wake, mwanangu. Hilo ndilo lililonitia hofu. Nyumbani kwetu kulikuwa na paka wa kijivu, sikio la kushoto limechanika, na baba alimwita Mwizi. Hakuwa na jina jingine. Mchana kutwa ilikuwa vita: Mwizi kaiba dagaa, Mwizi kalala kwenye ungo wa unga, kandambili ya baba imeruka, paka amepita dirishani. Kijiji kizima kilijua kwamba baba hampendi paka. Watani wake walimuuliza kwa nini hamtupi mtoni, akawajibu kwamba anangoja apate gunia bovu. Lakini siri ya mtungi muulize kata, na kata nilikuwa mimi. Kila alfajiri nilipoingia na birika nilimkuta Mwizi amejikunja juu ya miguu ya baba, na baba, kabla hajafungua macho vizuri, anautoa mguu mmoja taratibu, halafu wa pili, taratibu kabisa, paka asiamke. Kisha anavaa kandambili zake na kutoka. Jua likichomoza, vita vinaanza upya. Sikumwambia mtu, hata mama.

Sasa nichague. Nikimwacha baba peke yake, ni maiti. Nikimweka paka, nimetoa siri ya mtu mkali mbele ya mji mzima. Nilizunguka karakana siku nzima, mjomba ananipisha tu na randa yake. Mwisho nikajiambia, kosa la kwanza nilimchora baba bila kumtazama. La pili likiwepo, bora liwe la kumtazama sana.

Nikapanda ngazi. Safari hii sikuwa na haraka. Nilichanganya nyeupe na mkaa mpaka nikapata kijivu chenyewe. Nikamkunja Mwizi juu ya shuka, pale miguuni, mkia umezunguka pua. Nikalichana sikio la kushoto. Kisha nikalishusha shuka kidogo, nikautoa mguu mmoja wa baba nje, umeanza kujisogeza pembeni kumpisha paka. Mama wa maandazi alikuwa anapita na beseni lake. Akasimama. "Ala!" akasema. "Kumbe kalala tu?" Na papo hapo akapiga miayo mirefu, beseni nusura limwanguke.

Siku ya mnada nilivaa khanga yangu nzuri na sikula kitu. Baba alishuka kwenye lori na koti lake la sherehe, kofia kichwani, fimbo mkononi. Nikapiga goti barabarani. "Shikamoo, baba."

Hakuitika.

Hujawahi kunyimwa marahaba, na Mungu asikuonyeshe. Alinipita akaenda kusimama chini ya kibao, mikono nyuma. Mjomba akafungua mdomo, nikamkonyeza anyamaze. Mama wa maandazi akaacha kuhesabu maandazi yake. Baba akatazama kichwa cha kitanda, akatazama ndevu zake, akatazama shuka jeupe, na nikaona shingo yake inakakamaa. Kisha macho yakafika miguuni. Yakakaa hapo.

Akasogea hatua moja mbele.

"Sikio," akasema.

"Naam, baba?"

"Umechora mpaka sikio lake." Bado alikuwa amenipa mgongo. "Na mguu. Ulikuwa unaniona?"

"Kila alfajiri, baba. Nikikuletea maji."

"Na hukumwambia mtu."

"Sikumwambia hata mama."

Akaishusha kofia yake mpaka kwenye nyusi. Mabega yakaanza kumtetemeka, nikadhani nimemliza baba yangu mbele ya watu, nikatamani ardhi ipasuke. Alipogeuka, machozi yalikuwapo kweli, lakini alikuwa anacheka, baba yangu, mtu wa maneno machache, anacheka mpaka fimbo inagonga mawe. "Huyu mwizi wangu," akasema, "nani kamlipia nauli kuja mjini?" Watu wote wakaangua kicheko, mjomba akaangukia mbao zake. Kisha baba akainua fimbo akaonyesha yale maandishi ya mjomba yaliyopinda, MTU HUYU NI MZIMA. "Na hayo yafuteni. Paka ameshasema."

Akanijia pale nilipokuwa bado nimepiga goti, akaniwekea kiganja kichwani.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Sikurudi kushika jembe. Ulezi ulivunwa bila mimi, na vitanda vya mjomba vilijulikana mpaka Babati kwa jina la vitanda vya paka. Kitanda cha mke wa Mzee Paulo nilikipaka rangi mwenyewe, nikamchorea twiga mdogo kwenye ubao wa kichwani, akanipa asali. Baadaye sana, nikiwa na watoto wangu, nilikwenda kuliona lile jabali la kwao. Twiga yupo, ameinama vilevile kama kwenye unga wa mbao, na yule mtu amelala. Nami sikujua anaota au anaumwa. Nilifurahi tu kwamba hayuko peke yake.

Na baba alipotutoka, uzee umemjaa, alilazwa ubavu wa kulia, shuka jeupe, sawasawa na kibao changu cha kwanza. Paka wa siku hizo, sijui ni kitukuu wa Mwizi, alikuja akakaa kizingitini. Alimtazama, wala hakupanda. Ndipo nilipojua kwamba amekwenda kweli, na ndipo nilipolia.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Mtu aliyelala amekuachia uso wake, hana wa kuutetea. Usiuchukue kwa haraka, iwe kwa brashi au kwa hiyo simu, na ukiweza, muombe ruhusa kwanza, mimi sikuomba na nilikaribia kulipa kwa kitu kisicholipika. Ukiona picha ya mtu kalala, ya kale jabalini au ya leo kiganjani, usikimbilie kusema ni mvivu, ni mlevi, ni maiti. Tazama kwanza nani amekuja kulala karibu naye. Kiumbe asiyejua kusema hajui pia kujipendekeza. Anakwenda penye joto, na akijikunja hapo ujue mtu huyo, hata awe mkali namna gani mchana, ana jambo jema ambalo kijiji hakijaliona. Wewe ulione. Na ukishaliona, usilitangaze ovyo. Litunze mpaka siku litakapomsaidia mwenyewe.

Ile picha yangu nilimwambia mjukuu aikuze. Mdomo wazi, sawa, na meno yenyewe ndiyo hayo yaliyobaki. Lakini ukitazama chini, kwenye upindo wa khanga yangu, yule kuku mweupe anayewakimbia nyote mkimkaribia amekaa juu ya mguu wangu, amefumba macho. Basi nikanyamaza, nikawaacha mcheke. Hiyo picha msiifute.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe kazi ya mikono unayoipenda, akupe wazazi wa kukuitikia salamu, na jioni ukichoka akupe usingizi mtamu, na kiumbe wa kuja kujikunja miguuni pako bila kuitwa.